Soja wa Kisaju

Fundi alinipigia simu Jumanne moja mwishoni mwa Machi, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa mlangoni mwa Kidato cha Tatu na rundo la daftari za insha kifuani.

"Mwalimu, Soja hayuko."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema jana yake jioni alimwacha pale pale juu ya mawe, akiinua mkia na kuushusha kama kawaida yake. Asubuhi amefika, mawe ni matupu. Amezunguka hadi kwa jirani, amepanda hata lile rundo la moramu akatazama kila upande, hakuna kitu.

"Na usiku mbingu ilikuwa safi," akasema. "Hata wingu moja hakukuwa."

Hilo la wingu ndilo lililonikata maini. Ndege hawa husafiri usiku, na usiku wanaoupenda ni ule wa mbingu safi. Fundi hakuwa na habari hiyo. Alikuwa ananieleza tu alivyoona.

Soja ni ndege.

Ana uzito wa gramu 25 hivi, sawa na vijiko viwili vikubwa vya sukari. Amenikaa kichwani tangu Oktoba, na majuma haya tangu aondoke ndiyo yamenisumbua zaidi. Kuna jambo nililisema juu yake kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na sasa imenibidi nilirudie.

Lori la mawe

Ploti yetu iko Kisaju, ukishapita Kitengela kwenye barabara ya Namanga. Ni futi 50 kwa 100, kama za wengi. Tarehe 10 Oktoba, Siku ya Mazingira, shule zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu nami nikaenda kupokea lori la kwanza la mawe ya Ndarugo. Lori lilimwaga, vumbi likapanda, na kabla utingo hajamaliza kufunga ubao wa nyuma kulikuwa na ndege amesimama juu ya jiwe la juu kabisa.

Amesimama wima. Hilo ndilo lililonifanya nimtazame. Ndege wengi wadogo huinama wakitua, huyu alinyooka kama askari wa paredi, akachuchumaa kidogo, akanyooka tena.

"Tumepata soja," Fundi akasema, na jina likabaki.

Sijamsikia mtu pale akimwita jina lingine. Kwa wanasayansi ni *Oenanthe oenanthe*, na jina lake la Kiingereza, wheatear, limetoka kwenye maneno ya kale yenye maana ya tako jeupe. Ukimwona akiruka utaelewa. Akiwa ametulia ni rangi ya nyasi kavu, huwezi kumtofautisha na udongo. Akiruka, chini chini, kama kwamba anaogopa kwenda juu, nyuma yake panafunguka peupe pe, na mkiani pana mchoro mweusi kama herufi T iliyopinduliwa. Akitua, weupe unafungwa. Umempoteza.

Mwenzangu anayefundisha baiolojia aliniazima darubini yake. Nilimwangalia Soja kila Jumamosi niliyokwenda. Anakimbia hatua saba au nane kwenye nyasi fupi, anasimama ghafla, anatega, anachomoa mbawakawa au sisimizi, anarudi juu ya jiwe. Ana mipaka. Siku moja nilimwona akimkurupusha ndege mwenzake wa jamii hiyohiyo, yule mwenyeji wetu mwenye kola nyeusi kifuani, akamtoa mpaka ng'ambo ya njia. Mipaka yake haikufuata bikoni zetu. Alimiliki ploti yangu, ya jirani wa kulia, na kipande cha ile ambayo mwenyewe yuko ng'ambo na hajawahi kuonekana.

Siku ile ya lori watu walikuwa wanapanda miti kila mahali. Nilijiona mkosaji, mimi niliyekuja na mawe. Baadaye nilijifunza kwamba ndege huyu hahitaji mti hata mmoja. Nyasi fupi, udongo ulio wazi na jiwe la kusimamia: hayo ndiyo mazingira yake. Uwanda mtupu tunaouona kama mahali pasipo na kitu ndio alioufuata.

Nilichomwambia Fundi

Nilianza kusoma usiku, nikisharudisha daftari za watu kwenye mkoba.

Nikakutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Franz Bairlein wa Ujerumani na wenzake walikuwa wamewafunga ndege wa aina hii vifaa vidogo mgongoni huko Alaska na katika Kisiwa cha Baffin, Kanada, kisha wakawangoja mwaka mzima warudi. Vifaa hivyo havitumi habari. Lazima umkamate ndege yuleyule tena. Kutoka Alaska walipata rekodi za safari za ndege watatu, na kutoka Baffin mmoja.

Yule wa Baffin alivuka Bahari ya Atlantiki, kama kilomita 3,500 kwa siku nne hivi, akafika Uingereza, kisha akashuka hadi Mauritania. Wale watatu wa Alaska walielekea magharibi: wakavuka hadi Siberia, wakapita Asia yote, Kazakhstan, majangwa ya Arabuni, wakaingia Afrika Mashariki. Sudan, Uganda, Kenya. Kilomita kama 14,500 kwenda tu. Ni Nairobi hadi Mombasa mara 30, halafu kurudi.

Kenya! Nilisoma neno hilo nikainuka kwenye kiti.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Fundi kwamba Soja katoka Alaska. Akaweka mwiko chini.

"Alaska ni ya wapi, Mwalimu?"

"Ni Marekani. Kule juu kabisa, karibu na Urusi."

Akafikiri. "Sasa kama kwao ni Marekani na anakimbia baridi, si ashuke tu chini huko huko? Mexico hakuna joto?"

Hilo swali sikuwa nimejiuliza, nami ndiye mwenye shahada. Ndege wengi wanaozaliwa Alaska hufanya hivyohivyo, hushuka kusini huko huko Amerika. Huyu hafanyi, kwa sababu mababu zake waliingia Alaska kutoka Asia, baada ya barafu za kale kuyeyuka. Walisogea mashariki kizazi baada ya kizazi, na kila mwaka walirudi Afrika kwa njia waliyojia. Makazi yalihama, njia ikabaki. Wa Baffin nao waliingia kutoka upande wa Ulaya, na mpaka leo wanarudi kwa upande huo. Wamekaribia kukutana Amerika baada ya kuizunguka dunia kwa pande mbili, na wote majira ya baridi wako Afrika.

"Ni kama mtu wa Nairobi aende Mombasa kupitia Kisumu," Fundi akasema, "kwa sababu babu yake alipitia Kisumu."

Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo popote.

Nikawaambia wanafunzi. Nikamwambia mke wangu. Nikamwambia dereva wa matatu ya Kitengela aliyeniuliza darubini ni ya nini. Ndege wa Alaska yuko kwenye mawe yangu.

Saa kumi na mbili

Kile kifaa cha mgongoni hakijui ramani. Kina uzito wa zaidi kidogo ya gramu moja, na kazi yake ni kupima mwanga na kuandika saa. Basi. Mtafiti akikishika tena anasoma jua lilichomoza saa ngapi na kuzama saa ngapi kila siku. Urefu wa mchana unamwambia ndege alikuwa kaskazini au kusini kiasi gani, na adhuhuri inamwambia mashariki au magharibi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na hapa nilisimama muda mrefu.

Saa yetu ni ya jua. Likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili, na katikati tunahesabu tukijua mchana na usiku ni pacha. Mtoto wa pwani na mtoto wa Kisaju hawahitaji kuelezwa. Saa hii isingeweza kuzaliwa Alaska. Eagle Summit, mlima ulio kaskazini-mashariki ya Fairbanks ambako ndege hawa hujificha chini ya mawe kutaga mayai yao ya samawati, watu hupanda mwezi wa Juni kuangalia jua lisilozama usiku wa manane. Hapo saa kumi na mbili jioni haifiki. Jua linaelekea upeoni, linautambaa, linapanda tena.

Kwa hiyo fikiria rekodi ya ndege mmoja. Mchana mrefu usio na mwisho. Halafu unapungua, unapungua, Siberia, Kazakhstan, Arabuni. Halafu siku moja unaacha kubadilika. Saa 12, saa 12, saa 12, mwezi baada ya mwezi. Mtafiti aliyeketi Ujerumani anatazama mstari ulionyooka na kujua: huyu amefika kwetu. Wametutambua kwa saa yetu.

Hapo ndipo swali lililoniharibia usingizi lilipoingia.

Kaskazini, siku zikianza kufupika ndege anaonywa na jua lenyewe kwamba baridi inakuja. Lakini Kisaju? Kati ya Januari na Machi mchana wetu haubadiliki kwa kiasi ambacho mimi naweza kukiona. Soja alikuwa na jua lilelile, jiwe lilelile, sisimizi walewale. Nani alimwambia kwamba huko kwao theluji inakaribia kuyeyuka?

Januari alikuwa bado rangi ya nyasi. Katikati ya Februari niliona mgongo unaingia kijivu. Machi alikuwa na kijivu safi kama suti ya bwana harusi, na mstari mweusi uliotoka kwenye mdomo ukapita kwenye jicho hadi nyuma. Alijivika kwa arusi ya mahali palipo umbali wa maelfu ya kilomita, mbele ya macho yetu, huku tukikoroga saruji.

Wanasayansi huko Wilhelmshaven, Ujerumani, waliwalea makinda wa ndege hawa ndani, wakawawekea mchana wa urefu usiobadilika na chakula tele, hawakuwaonyesha majira yoyote. Ulipofika wakati wa safari, walianza kula kupita kiasi, wakajaza mafuta, na usiku wakahangaika kwenye vizimba bila kulala. Wenye asili ya Iceland, ambao ndugu zao huvuka bahari kubwa, walinenepa kuliko wenye asili ya Norwei. Hawakuwahi kuiona bahari hiyo.

Saa iko ndani yake. Hata safari ya kwanza kinda huifanya bila wazazi, usiku, peke yake, mwaka uleule aliozaliwa.

Nilifurahi kwa siku mbili hivi kuelewa hilo, kisha furaha ikageuka. Kama saa iko ndani, na njia iko ndani, basi hakuna anayeweza kumpelekea habari. Hakuna wa kumwambia kwamba palipokuwa na nyasi pamemwagwa zege. Atakuja tu, kwa tarehe yake.

Hesabu ya usiku ule

Usiku wa ile Jumanne ya simu nilifungua tena utafiti ule, nikitaka kujua Soja angefika lini. Safari ya kurudi kwa wale watatu ilichukua wastani wa siku 55. Nikajisemea, basi Mei yuko Alaska. Nikashuka mstari mmoja. Safari ya kuja: wastani wa siku 91.

Sijui kwa nini sikuwa nimeihesabu mapema. Labda nilijua, sikutaka.

Ndege hawa huondoka Alaska Agosti. Hata ndege angetoka tarehe mosi Agosti kwa mwendo ule, siku 91 zinamfikisha tarehe 31 Oktoba. Soja alikuwa juu ya mawe yangu tarehe 10. Nina picha ya lori. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili, nikahesabu tena kwa kalenda iliyo ukutani.

Soja si wa Alaska.

Ndege wa aina hii huzaliana Ulaya, sehemu kubwa ya Urusi, Kazakhstan, Mongolia, mpaka mwisho wa Siberia. Wengi wana njia fupi kuliko ile. Soja pengine ni wa huko kati. Na nilikuwa nimewaambia watoto 48 wa Kidato cha Tatu, kwa sauti ya mwalimu, kwamba ni wa Alaska.

Kesho yake niliwarekebishia ubaoni, tarehe kwa tarehe. Msichana wa dawati la mbele akaniuliza, "Sasa, Mwalimu, bado unampenda?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu usiku ule nilikuwa nimehisi kama mtu aliyeibiwa, na swali lake lilikuwa lilelile langu. Nilipenda ndege, au nilipenda kilomita? Miezi sita nilimwona kwa macho yangu akikimbia, akitega, akibadili manyoya, akilinda mipaka yake. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji Alaska. Na hata kama kwao ni milima ya Ural, amepita jangwa lilelile, usiku uleule, na gramu 25 zilezile.

Nilimjibu ndiyo. Ilinichukua muda kidogo kulisema.

Yule mwingine

Jumamosi nilikwenda kumwambia Fundi, maana yeye ndiye niliyemwambia kwanza. Alisikiliza huku akinyoosha kamba ya msingi. Nilipofika pale kwamba wa Alaska angefika Novemba hivi, akaniangalia.

"Basi yule mwingine?"

"Mwingine yupi?"

"Yule wa kufukuzwa. Siku ile saruji ilipoletwa. Alitua kwenye mawe, Soja akamtoa mbio. Akarudi, akamtoa. Walisumbuana siku kama nne hivi. Mwisho yule mgeni akaenda kukaa kule kwa boma la mbuzi." Akaonyesha kwa kidole, mita mia tatu hivi, ambako mifugo imekula nyasi hadi udongo unaonekana. "Amekuwa huko wakati wote. Nilidhani unamjua."

Risiti ya saruji ninayo. Inasema 27 Novemba.

Nikirudisha siku 91 nyuma napata 28 Agosti.

Hiyo si hakika, na safari hii sitamwambia mtu yeyote kwamba ni hakika. Hana pete mguuni. Mahali pekee nchini ambapo ningefikiria kuuliza habari za pete ni Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 watu hukesha usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba wakiwakamata na kuwavisha pete ndege wa kaskazini wanaovutwa na taa za hoteli. Wamewavisha mamia ya maelfu. Wa boma la mbuzi hakupita mikononi mwa mtu.

Lakini tarehe zinanikaa. Anayetoka mbali kuliko wote ndiye anayefika mwisho. Anakuta kila jiwe lina mwenyewe. Kama kweli kulikuwa na ndege wa Alaska Kisaju msimu huu, ni yule aliyefukuzwa, aliyekula sisimizi nyuma ya boma la mbuzi miezi minne, bila jina, huku mimi na darubini yangu tukipita njia kila Jumamosi kumwangalia mwingine.

Tulitembea mimi na Fundi hadi kule. Naye alikuwa ameshaondoka.

Mtaro

Uwanda huu wa Athi na Kapiti wazee wanaukumbuka ukiwa na nyumbu. Mvua ikinyesha walitoka mbuga ya Nairobi wakashuka huku kwa maelfu. Hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuwafungia njia. Mimi nilinunua 50 kwa 100 tu. Jirani wangu 50 kwa 100 tu. Kila mmoja wetu aliweka nguzo na waya kwa sababu asipoweka atanyang'anywa. Nikisimama sasa juu ya rundo la moramu naona nyaya mpaka macho yanaishia.

Sitajifanya kwamba nitaacha kujenga. Tunalipa kodi Embakasi, watoto ni watatu, na mkopo wa sacco hauulizi habari za ndege. Nyumba moja haimwondoi Soja. Angesimama kwenye ukuta wangu kama alivyosimama kwenye mawe. Kinachomwondoa ni sisi wote kwa pamoja, nyumba, lami, bustani ya maua, ukuta, nyumba, mpaka pasibaki hatua saba au nane za kukimbia.

Shule zimefungwa, kwa hiyo wiki hii nimekuwa pale kila siku. Udongo mweusi umechimbwa mpaka kwenye moramu, mtaro uko tayari, na mvua zinaingia, kwa hiyo mawe lazima yashuke. Jana asubuhi Fundi alisimama mbele ya rundo akiwa na glavu mkononi.

"Soja akirudi ni lini?"

"Oktoba, mwanzoni."

"Na yule mwingine?"

"Mwisho wa Novemba."

Alitazama upande wa boma la mbuzi. Mbuzi hawakuwepo. Palikuwa na bikoni mpya zimepakwa rangi nyekundu, sita upande huu, na nyingine zaidi kuelekea barabarani.

"Pale pia pameuzwa," akasema. "Wamepima juzi."

Tulisimama pale mpaka matone yakaanza kuanguka. Kisha akashuka mtaroni, akainua mikono, nami nikaanza kumpokeza mawe.